Kuku wa uani Tabora: Tone la Septemba laokoa sare ya Januari

ALFAJIRI mjini Tabora, kabla watu hawajafungua milango, majogoo wa Isevya, Ng'ambo, Cheyo na Ipuli huwa wameshaitikiana uani. Baada ya muda mfupi mama wa nyumba hutoka na kibakuli cha pumba, watoto humfuata nyuma, na kuku humzunguka miguuni kana kwamba wanajua jina lake.

Hivyo ndivyo siku inavyoanza katika kaya nyingi za mkoa huu, kuanzia Igunga na Nzega upande wa mashariki na kaskazini, Sikonge kusini, hadi Urambo na Kaliua magharibi. Wanyamwezi humwita kuku ngoko, na ni nadra kukuta boma lisilo na ngoko hata mmoja. Mwenye ng'ombe anaye, na asiye na ng'ombe anaye vilevile.

Pamoja na wingi huo, kuku wa uani amekuwa akihesabiwa kama kitu cha ziada. Mkulima anaweza kukueleza bila kusita ana magunia mangapi ya mahindi na amevuna kilo ngapi za tumbaku. Muulize ana kuku wangapi, ataangalia uani kwanza kabla ya kujibu. Kuku hana daftari wala bajeti, na mara nyingi hana hata banda.

Gharama ya uzembe huo huonekana mara moja kwa mwaka, pale kideri kinapoingia kijijini.

Kuku aliyelisha misafara

Biashara ya kuku katika njia hii ina umri mkubwa kuliko reli na barabara. Katika karne ya 19, Tabora, ambayo wageni wa wakati huo waliifahamu zaidi kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Upande wa mashariki njia ilishuka hadi Bagamoyo, upande wa magharibi ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na upande wa kaskazini ilielekea Karagwe na Buganda.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika mwaka 1872 wakitokea Ujiji, na Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa leo, hadi Agosti mwaka huo. Nyumba ya Kwihara, maarufu kama Tembe la Livingstone, ni makumbusho hadi leo.

Msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watu hao walihitaji kula kila siku. Vijiji vya njiani viliwauzia unga, mihogo, karanga na kuku, na malipo yalikuwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki au kwa shanga. Katika biashara hiyo kuku alikuwa na faida ambayo anayo mpaka sasa, kwani ni mnyama mdogo, hubebwa kwa mkono, na huuzwa mmoja mmoja kulingana na shida ya siku. Hakuna mtu anayeweza kuuza mguu wa ng'ombe aliye hai ili anunue chumvi.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ilikufa lakini biashara ya kuku iliendelea. Leo kuku wa Tabora husafiri katika matenga juu ya malori na mabasi, wengine wakipitia Igunga na Singida kwenda kuuzwa Dar es Salaam, ambako soko la Shekilango ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi kwa kuku wa kienyeji. Mikataba ya ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma ilisainiwa kati ya mwaka 2021 na 2022, na mfanyabiashara mwenye macho anajua kwamba njia ikifunguka, mwenye mzigo ndiye atakayefaidi.

Kienyeji si aina moja

Watu wengi husema 'kuku wa kienyeji' kana kwamba ni aina moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro waliwachunguza kuku wa asili wa Tanzania na kuwagawa katika makundi kadhaa yanayotofautiana kwa umbo, uzito na uwezo wa kuhimili magonjwa. Miongoni mwa makundi hayo ni kuchi, ching'wekwe na singamagazi.

Singamagazi ndiye anayehusishwa zaidi na Tabora. Ni kuku mwenye umbo kubwa, na jogoo wake hupata bei nzuri sokoni. Kuchi, ambaye pia anapatikana katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, ni mrefu, husimama wima, ana mapaja yenye nyama na hasira za karibu, na sehemu nyingine hufugwa kwa ajili ya kupiganishwa. Ching'wekwe ni mdogo wa umbo.

Tafiti za vinasaba vya kuku wa Afrika Mashariki zimeonyesha kuwa chimbuko lao ni zaidi ya moja, wengine wakiwa na uhusiano na kuku wa India na wengine na wale wa Kusini Mashariki mwa Asia. Maana yake ni kwamba mababu wa kuku hawa walivuka Bahari ya Hindi kabla ya kusambaa bara. Jogoo anayewika leo Urambo ana ukoo wa safari ndefu.

Kwa mfugaji, somo la habari hii ni kuchagua. Mtetea anayetaga vizuri, anayeatamia kwa utulivu na kulea vifaranga wake bila kuwapoteza ni hazina, hivyo asiuzwe kwanza kwa sababu tu mnunuzi amempenda. Jogoo naye achaguliwe kwa umbo na afya, na abadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili ili asipande mabinti zake. Jogoo 1 anatosha mitetea 10. Njia rahisi ni kubadilishana jogoo na mfugaji wa kijiji kingine, baada ya kuhakikisha kuwa kule hakuna ugonjwa.

Hesabu ya mitetea mitano

Hebu tuchukue mfano wa kaya yenye mitetea 5. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, kisha huatamia kwa siku 21 na kulea kwa miezi miwili hadi mitatu. Kwa mwendo huo hupata mikupuo mitatu hivi kwa mwaka.

Tuseme kila mtetea anaatamia mayai 12 na kuangua vifaranga 10. Mitetea mitano ikifanya hivyo mara tatu, kaya itakuwa imepata vifaranga 150 kwa mwaka. Idadi hiyo huwashangaza wafugaji wengi wanapoambiwa, kwa sababu uani kwao haionekani.

Haionekani kwa kuwa vifaranga wengi hufa wakiwa wadogo. Mwewe huchukua mchana, kicheche na paka pori huchukua usiku, nguchiro na nyoka hawako mbali, na mvua ya ghafla ya Desemba humaliza waliobaki nje. Si ajabu nusu ya vifaranga kupotea kabla ya kufikisha miezi miwili. Katika mfano wetu hapo wanabaki 75.

Mfugaji akiwafungia vifaranga katika bruda au chini ya tenga kwa wiki nne za mwanzo, akawapa chakula, maji safi na joto, hasara inaweza kupungua sana. Akipoteza 3 tu kati ya kila 10, atabaki na 105. Hao 30 wa ziada wamepatikana bila kununua mtetea hata mmoja.

Faida nyingine ni kwa mama kuku mwenyewe. Vifaranga wakitenganishwa naye wakiwa na umri wa wiki nne, hurudi kutaga mapema badala ya kuzunguka nao kwa miezi mitatu. Mikupuo huongezeka, mradi apewe chakula cha kutosha kurudisha mwili.

Mfugaji aliyezoea mambo huongeza mbinu ya kuatamisha kwa pamoja. Mtetea wa kwanza anapoanza kuatamia huwekewa mayai mabovu au ya kuigiza huku wenzake wakisubiriwa, kisha wote huwekewa mayai mazuri usiku mmoja. Vifaranga hutoka siku moja, hulelewa pamoja, huchanjwa pamoja na hufika sokoni wakiwa na umri mmoja. Mchuuzi anayetafuta kuku 40 kwa mara moja hupenda kaya ya namna hiyo.

Mayai ya kuatamisha yaandikwe tarehe kwa penseli, yawekwe mahali penye ubaridi upande butu ukiwa juu, na yasizidi siku 10. Siku ya saba ya kuatamia, yamulikwe gizani kwa tochi. Yai lenye mishipa kama ya buibui lina kiumbe, na lile linalong'aa tupu liondolewe.

Kideri hakibishi hodi

Hesabu yote hiyo hufutwa na ugonjwa mmoja unaoitwa kideri, ambao sehemu nyingi hujulikana pia kama mdondo. Kitaalamu ni ugonjwa wa Newcastle, jina lililotokana na mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Husababishwa na virusi na hauna tiba. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua kuku 9 kati ya 10, na wakati mwingine huacha banda tupu.

Dalili zake wafugaji wa Tabora wanazifahamu. Kuku huzubaa na kushusha mabawa, hupumua kwa shida akiwa amefungua mdomo, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine shingo hupinda au miguu hupooza. Wapo wanaokutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote kuonekana jioni.

Kideri hupiga zaidi wakati wa kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza za Novemba. Ndiyo maana wazee wengi huamini kwamba kinaletwa na upepo. Ukweli ni kwamba husambazwa zaidi na kuku wagonjwa wanaohamishwa, matenga yasiyosafishwa, viatu, magari, na mabaki ya kuku waliokufa yanapotupwa ovyo. Wakati wa kiangazi watu hutembeleana, harusi na ngoma huwa nyingi, na minada huchangamka. Kuku husafiri pamoja na watu.

Tazama sasa kalenda ya mkulima wa Tabora. Mauzo ya tumbaku hufanyika katikati ya mwaka, na kufikia Oktoba fedha nyingi zimeshalipa madeni ya pembejeo na matumizi mengine. Mvua huanza Novemba, kazi za shamba zinahitaji fedha, chakula ghalani kinapungua. Januari shule zinafunguliwa, na mtoto anahitaji sare, viatu na madaftari. Katika kipindi hicho, kaya isiyo na mshahara hutazama uani. Kuku wawili ni madaftari, watano ni sare na viatu.

Kideri huingia wiki chache tu kabla ya shida hizo, na ndiyo maana hasara yake haipimwi kwa bei ya kuku peke yake. Anayeumia zaidi huwa ni mama wa nyumba, kwa kuwa katika kaya nyingi mifugo mikubwa na fedha za zao la biashara ziko mikononi mwa baba, lakini kuku ni benki ya mama. Benki hiyo inaweza kufungwa ndani ya siku nne.

Chupa moja, nyumba ishirini

Kinga ipo, na inatengenezwa hapahapa nchini. Chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone moja jichoni, iliendelezwa kutokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa lengo la kuwafaa wafugaji wa vijijini. Hapa Tanzania imekuwa ikizalishwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA).

Ubora wa I-2 kwa mazingira ya Tabora ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani. Inaweza kufikishwa kijijini kisicho na umeme ikiwa imefungwa katika kitambaa kilicholowanishwa, au ikiwekwa kando ya mtungi wa maji kivulini. Hata hivyo, kustahimili joto hakumaanishi kuachwa juani au kwenye dashibodi ya gari. Ikishachanganywa itumike siku hiyo hiyo.

Kuku wote hupewa kiasi kimoja, awe jogoo mkubwa au kifaranga, yaani tone moja katika jicho moja. Mshikaji amlaze kuku ubavu, tone liangukie jichoni, kisha asubiri apepese jicho ndipo amwachie. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wafugaji wengi hupanga mizunguko mitatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba, ili kinga iwe imara kabla ya kipindi cha hatari. Wanaochanjwa wawe wazima. Kumchanja kuku aliyekwisha kuambukizwa ni kuchelewa, na wengi wa namna hiyo wanapokufa, lawama huangukia chanjo.

Bei ya tone moja ni ndogo kuliko bei ya yai moja. Kwa nini basi kuku wengi hawachanjwi?

Jibu moja liko ndani ya chupa yenyewe. Chanjo huuzwa kwa chupa yenye dozi nyingi, wakati kaya ya kawaida ina kuku 10 au 15. Tuseme chupa ina dozi 200. Mwenye kuku 10 akiinunua peke yake, atatumia dozi 10 na kumwaga 190. Akipiga hesabu hiyo mara moja, hanunui tena.

Nyumba 20 zenye kuku 10 kila moja huimaliza chupa hiyo kwa asubuhi moja, na gharama ya kila nyumba hushuka hadi kiasi ambacho hakimshindi mtu. Kitongoji kina viongozi, vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vipo karibu kila kijiji, na balozi anajua kila nyumba ina nani. Mtu mmoja au wawili wakifundishwa na afisa mifugo wa kata namna ya kuchanja, wanaweza kupita nyumba kwa nyumba alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, wakalipwa kidogo kwa kila tone. Hiyo yenyewe ni ajira.

Kuchanja kwa pamoja kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko bei. Kuku wa uani hawajui mipaka. Nyumba moja ikichanja na jirani zake wasichanje, virusi vitaendelea kuzunguka, na vifaranga waliozaliwa baada ya zoezi watavikuta hapohapo.

Mchuuzi naye ana lake

Kideri kinapoanza kijijini, jambo la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kuuza haraka. Mwenye kuku huona bora apate nusu ya bei kuliko akose yote, na mchuuzi huona bei imeshuka akajaza tenga. Kuku hao huonekana wazima siku ya kwanza, lakini katikati ya safari huanza kufa, na waliobaki hubeba ugonjwa hadi mnadani na katika mabanda ya wengine. Aliyenunua kwa bei ya kutupa hujikuta amenunua mizoga.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inasimamia usafirishaji wa mifugo ili kuzuia kusambaa kwa magonjwa. Mchuuzi makini huanzia kwa afisa mifugo kupata kibali, na huuliza swali moja kabla ya bei, kwamba kuku hawa wamechanjwa lini. Kijiji chenye rekodi ya chanjo, hata kama imeandikwa kwenye daftari la shule, kinaweza kudai bei nzuri zaidi kwa sababu kinampunguzia mnunuzi hasara ya njiani.

Matenga nayo yaoshwe kwa maji na sabuni na kuanikwa juani kila baada ya safari. Kuku wageni wanaoingia nyumbani, wawe wa kununuliwa au wa zawadi, watengwe kwa wiki mbili. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wafugaji wa leo wanapaswa kuirefusha kamba hiyo ifike siku 14.

Chakula kinachopatikana hapahapa

Katika ufugaji huria kuku hujitafutia, lakini eneo likikauka mwezi Septemba hakuna cha kuokota. Kiganja cha chakula cha nyongeza asubuhi na jioni huleta tofauti katika utagaji.

Tabora ina malighafi. Pumba za mahindi zipo kila penye mashine, na Igunga na Nzega zina pumba za mpunga. Mtama na uwele hufaa. Kwa ajili ya kujenga mwili yapo mashudu ya alizeti na karanga, na dagaa wa kusaga. Mashudu ya pamba yatumike kidogo sana kwa mitetea, kwani yana kemikali ya asili inayoweza kudhuru kuku na kubadili rangi ya kiini cha yai.

Vifaranga wanaweza kuvuniwa mchwa. Chungu hujazwa samadi kavu na mabua yaliyoloweshwa kidogo, hupinduliwa juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi hufunuliwa kikiwa kimejaa. Majani ya mlonge na mchicha huongeza vitamini na kukoleza rangi ya kiini, ambayo mlaji wa mayai ya kienyeji huitafuta kwanza.

Tahadhari mbili hazina budi kutajwa. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zisipewe kuku kwa kisingizio kwamba binadamu hawezi kuzila, kwa kuwa sumukuvu huwadhuru nao pia. Pili, katika maeneo ya tumbaku, makopo ya dawa za kuulia wadudu kamwe yasigeuzwe vyombo vya maji vya kuku. Chombo kilichokatwa kutoka dumu la mafuta ya kula kinatosha.

Rafiki wa mtoto, si wa kitandani

Katika nyumba nyingi kuku ana nafasi nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya uchumi. Watoto humpa jina, humlisha mkononi, hujua anataga wapi na humlilia anapochinjwa kwa ajili ya mgeni. Mtetea aliyezoea mkono hutulia anapochanjwa, na mtoto anayemjua kila kuku huwa wa kwanza kugundua kwamba mmoja amezubaa. Mtoto huyo akikabidhiwa daftari la kuandika mayai na vifaranga, kaya imepata karani bila mshahara.

Mapenzi hayo yawe na mipaka. Wapo wanaolala chumba kimoja na kuku kwa kuogopa wezi na vicheche. Vumbi la manyoya na kinyesi hudhuru mapafu, wadudu wa kuku hushambulia watu, na vimelea vya kuharisha hupita kutoka mikononi hadi kwenye chakula. Kila aliyemshika kuku anawe kwa sabuni.

Banda la miti na udongo lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye mlango wa kufungwa na madirisha ya wavu, humudu kazi hiyo. Ndani ziwekwe fito za kulalia na viota vyenye nyasi kavu mahali penye giza kidogo, na pembeni kisanduku cha majivu na mchanga ili kuku waoge na kupunguza utitiri. Kinyesi kinachozolewa kiende kwenye bustani ya mchicha.

Chotara au asili?

Katika miaka ya karibuni kuku wa Kuroiler na Sasso wamesambaa nchini, na mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2014 ukihusisha Tanzania, Ethiopia na Nigeria uliwafanyia majaribio kwa wafugaji wadogo. Kuku hawa hukua haraka na kutaga mayai mengi kuliko wa asili.

Hata hivyo, hawaatamii kwa uhakika kama mtetea wa kienyeji, hivyo mfugaji hulazimika kununua vifaranga tena. Pia wanakula zaidi, na bila chakula cha nyongeza hawaonyeshi uwezo wao. Aliye karibu na mji, mwenye soko la mayai na uwezo wa kununua chakula anaweza kuwajaribu. Aliye kijijini bila umeme wala duka la pembejeo atapata faida ya haraka zaidi kwa kuwatunza alionao. Na wote wawili wanahitaji tone lilelile, kwani kideri hakiulizi kabila la kuku.

Mambo ya kuanza nayo hayahitaji mkopo. Hesabu kuku wako leo jioni wakiwa wamelala na uandike. Zungumza na majirani mpaka hesabu yenu itoshe chupa. Mwoneni afisa mifugo wa kata kabla ya Septemba, muulize pia kuhusu chanjo ya ndui, na siku ya kuchanja watoto washike kuku wao wenyewe. Watakaowika na kutaga mwezi Januari ndio watakaowapeleka shule.